Bibi, mjomba, na sasa mama: ugonjwa wa kusahau unarithiwa kwa kiasi gani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Newala. Nina miaka 44 na mabinti wawili, mmoja yuko kidato cha pili na mwingine darasa la sita. Mama yangu ana miaka 73. Tangu mwaka juzi anauliza jambo lile lile mara nne kwa asubuhi moja, mboga anaitia chumvi mara mbili, na msimu uliopita alipotea akirudi kutoka kwenye mikorosho yake mwenyewe, njia aliyoipita tangu usichana wake. Bibi mzaa mama alikufa akiwa hamjui mtu. Mjomba, kaka yake mama, naye alianza kusahau kabla hajazeeka vizuri, tena mwishoni alikuwa amepooza mkono wa kushoto. Watu hapa wanasema ni kitu cha ukoo wetu, na sisi kama unavyojua ukoo ni wa mama. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anataka sote tuteme mate kwenye vichupa, vitumwe nje kupimwa DNA. Je, na mimi ninao tayari? Na wanangu? Tupime?

JIBU: Mwalimu, pole sana kwa kuuguza. Asante pia kwa kuandika kwa urefu, maana katika mambo haya jibu mara nyingi limejificha kwenye maelezo ambayo mwandishi aliyadhani ni ya kupita tu.

Kwa hayo uliyoniandikia, hakuna anayeweza kusema kwamba ugonjwa huu tayari unao, wala hakuna kichupa cha mate kitakachokuhakikishia kuwa utaupata au hutaupata. Inawezekana hatari yako iko juu kuliko ya mwenzako ambaye wazazi wake walizeeka na akili zao timamu. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja aliugua Alzheimer (ugonjwa wa kusahau unaosikika zaidi) uzeeni, hatari yake huhesabiwa kuwa takriban mara mbili ya mwingine wa umri wake, na ongezeko hilo hupungua kadiri mgonjwa alivyoanza kuugua akiwa na umri mkubwa. Mara mbili inatisha kuisikia. Lakini kwa watu wa miaka sitini na kidogo, wanaougua ni wachache sana katika kila mia. Hata ukiuzidisha uchache huo mara mbili, walio wengi bado ni wazima.

Kinachonisumbua zaidi kuliko swali lako ni kitu kingine. Barua yako ina bibi, mjomba, majirani na kaka, ila haina hospitali. Hakuna mahali uliposema mama amepimwa hata presha. Majirani wameshatoa jibu, na jibu lao limewafanya wote mruke hatua ya kwanza. Hilo nitalirudia kwa urefu, lakini kwanza nikujibu ulichouliza.

Watu watatu wa ukoo mmoja kusahau hakumaanishi kwamba wote watatu waliugua ugonjwa mmoja. Demensia ni jina la hali: akili inapungua kiasi cha mtu kushindwa kuendesha maisha yake ya kila siku. Nyuma ya hali hiyo yapo magonjwa mengi. Alzheimer ndiyo inayosikika zaidi. Humo seli za ubongo hufa polepole huku protini mbili, amiloidi na tau, zikirundikana. Inayofuata ni ile ya mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, yaani kiharusi, kiwe kikubwa cha kumwangusha mtu au vidogo vidogo ambavyo mwenyewe hata havihisi. Wazee wengi wana vyote viwili kwa pamoja. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, ulikuta asilimia 6.4 wana demensia baada ya kuweka sawa hesabu za umri. Karibu nusu yao walikuwa na Alzheimer, na wengi wa waliobaki ilikuwa ya mishipa ya damu.

Sasa soma tena ulichoandika juu ya mjomba. Alipooza mkono wa kushoto. Alzheimer haipoozeshi mkono mmoja. Mtu anayesahau kabla ya uzee, na mkono mmoja umepooza, mimi nafikiria kiharusi kwanza, na nyuma ya kiharusi nafikiria presha. Alikuwa na presha? Alikuwa akivuta sigara? Alikuwa akinywa? Huku kwetu msimu wa mabibo uraka haukosekani, na gongo inayopikwa kwa mabibo huharibu ubongo yenyewe na kupandisha presha juu yake. Sisemi mjomba wako alikuwa mlevi. Nauliza kwa sababu likijibiwa hilo, huenda mmoja kati ya watatu akatoka kwenye orodha ya wenye ugonjwa wa ukoo.

Na bibi alikufa na miaka mingapi? Kwa ugonjwa unaoanza uzeeni, umri una nguvu kuliko jeni yoyote ninayoijua, yaani kipande chochote cha vinasaba tunavyorithi kwa wazazi. Baada ya miaka 65, hatari ya demensia inakaribia kuongezeka maradufu kila miaka mitano. Bibi aliyefika tisini akawa hamjui mtu, hatuhitaji kutafuta sababu ya pekee katika damu yake. Akitoka na yeye, anabaki mama peke yake, mwenye miaka 73, ambaye hatujui anaumwa nini.

Zipo kweli familia ambazo ugonjwa hurithiwa kwa namna ile ambayo watu wa kijijini wanaihofia. Jeni zinazojulikana kwa kazi hiyo katika Alzheimer ni tatu: APP iliyo kwenye kromosomu ya 21 (kromosomu ni nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni), PSEN1 kwenye ya 14, na PSEN2 kwenye ya 1. Zote ziligunduliwa kati ya mwaka 1991 na 1995. Nakala moja tu yenye kasoro inatosha kuleta ugonjwa, na kila mtoto wa mwenye kasoro ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Familia hizo ni chache mno, chini ya mgonjwa mmoja katika kila wagonjwa mia wa Alzheimer, na alama yao ni umri: wanaanza kuugua kati ya miaka thelathini na sitini, kizazi baada ya kizazi. Inayojulikana kuliko zote iko mkoa wa Antioquia nchini Colombia, ukoo wa maelfu ya watu uliofuatiliwa kwa miongo kadhaa na daktari Francisco Lopera. Wenye jeni hiyo huanza kupoteza kumbukumbu wakiwa katikati ya miaka arobaini. Hata huko, mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mwanamke mmoja wa ukoo huo aliyebeba jeni yenye kasoro lakini akaishi na akili zake hadi miaka ya sabini, takriban miaka thelathini zaidi ya ndugu zake. Watafiti walikuta ana nakala mbili za aina adimu ya jeni nyingine, na wanaamini ndiyo iliyomkinga.

Mama yako alianza akiwa na miaka kama 71. Hiyo haifanani na familia za namna hiyo. Kinachoniacha na swali ni maneno yako kwamba mjomba alianza "kabla hajazeeka vizuri". Kwa mtu mmoja hayo ni miaka 68, kwa mwingine ni 50, na kwangu mimi kati ya 68 na 50 kuna tofauti kubwa sana. Muulize mjane wake, au yeyote aliyekuwa akiishi naye: mwaka alioanza kusahau alikuwa na miaka mingapi, na je, kusahau kulitangulia au kupooza kulitangulia?

Halafu kuna hili la ukoo wa mama. Kwa Wamakonde, na kwa Wamakua, Wayao na Wamwera pia, ukoo kuhesabiwa upande wa mama ni utaratibu wa watu, na una heshima yake. Jeni zina hesabu nyingine. Hizo nilizozitaja, na nyingine nitakazozitaja, kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, bila upendeleo. Kuna vinasaba vichache sana vinavyotoka kwa mama peke yake, vilivyo ndani ya mitokondria za seli, lakini hakuna jeni yoyote kati ya hizi iliyomo humo. Kwa hiyo watoto wa mjomba, ambao kwa desturi wanahesabiwa kwenye ukoo wa mama yao, kwa hesabu ya jeni wamechota kwa bibi yako sawasawa na ulivyochota wewe. Na baba yako, ambaye katika barua nzima hujamtaja hata mara moja, amekupa nusu ya kila kitu. Alizeekaje? Dada zake na kaka zake walizeekaje? Kama upande huo wapo waliofika themanini wakijua wajukuu wao kwa majina, hilo nalo ni sehemu ya urithi wako na wa mabinti zako, ila hakuna anayelisema barazani.

Jeni ambayo kaka yako ataikuta akianza kusoma mtandaoni ni APOE, iliyo kwenye kromosomu ya 19. Kazi yake ni kutengeneza protini ya kusafirisha mafuta katika damu na katika ubongo. Ina aina kuu tatu, zinazoitwa e2, e3 na e4, na kila mmoja wetu ana mbili kati ya hizo: anaweza kuwa na e3 mbili, au e3 na e4, na kadhalika. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba e4 hukutwa kwa wingi usio wa kawaida kwa wagonjwa wa Alzheimer ya uzeeni. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya e4 huongeza hatari takriban mara tatu, nakala mbili huiongeza mara 8 hadi 12, na e2 huipunguza. Lakini hata kwao, zaidi ya thuluthi ya wagonjwa wa Alzheimer hawana e4 hata moja, na wapo wenye e4 waliozikwa wazee sana wakiwa na akili zao.

Namba hizo ni za Ulaya, na hapa naomba unifuate polepole, kwa sababu ndipo watu wetu wanapopotoshwa. Kwa miaka mingi watafiti waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, sambamba na Wamarekani Weusi wa Indianapolis, kwa njia zile zile na maswali yale yale. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa mwaka mmoja Alzheimer iliwapata asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan, na asilimia 2.52 ya wale wa Indianapolis. Sasa, e4 si adimu Afrika. Katika jamii nyingi za bara hili ipo kwa wingi kuliko Ulaya. Lakini kwa wazee wa Ibadan, kuwa na nakala moja ya e4 hakukuonekana kuongeza hatari, na hata waliokuwa na mbili ongezeko lao lilikuwa dogo kuliko linaloandikwa vitabuni. Watafiti waliochunguza watu wenye asili mchanganyiko waliona sehemu ya sababu: e4 iliyokaa ndani ya kipande cha kromosomu chenye asili ya Afrika haina ukali wa ile iliyokaa ndani ya kipande chenye asili ya Ulaya. Majirani wa jeni kwenye kromosomu wanaonekana kuipunguzia makali.

Upande wa pili nao upo. Jeni iitwayo ABCA7, ambayo kwa Wazungu athari yake ni ndogo, ilionekana mwaka 2013 kwa Wamarekani Weusi kuwa na uzito unaokaribia ule wa e4 kwao. Vilevile kuna badiliko ndani ya APOE yenyewe, linalopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao, ambalo huongeza hatari likiambatana na e4. Vipimo vingi vya kununua mtandaoni husoma e2, e3 na e4 tu, havina habari na hayo mengine. Sehemu kubwa ya tafiti za jeni za demensia duniani ilifanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Maana yake ni kwamba mate ya mama yako yatasafiri maelfu ya kilomita, na karatasi itakayorudi itampa mwanawe hatari iliyopigwa kwa hesabu ya watu wengine. Ikisema ana e4, mtalia bila sababu ya kutosha. Ikisema hana, mtatulia bila sababu ya kutosha, na mgonjwa atabaki vile vile jikoni na chumvi yake.

Kwa hiyo kaka mwambie asubiri. Nia yake ni njema, anawahofia, lakini kipimo hicho hakitabadilisha hata dawa moja ya mama. Mambo mengine mawili ayajue. Nchini kwetu sampuli za vinasaba zina sheria yake, Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kabla ya kutuma mate ya mtu yeyote nje ya nchi, aende akaulize huko. Na ridhaa: mama anayesahau alichokula asubuhi, je, anaelewa anatemea nini mate kwenye kichupa, na majibu yataenda kwa nani? Majibu ya mmoja ni majibu ya wote. Akipimwa mama, wewe umepimwa nusu, na mabinti zako robo, bila wao kuulizwa.

Sasa turudi kwa mama mwenyewe.

Kabla ya kumwandikia mtu demensia kuna magonjwa ambayo lazima yatafutwe, kwa sababu yanafanana nayo na mengine yanatibika hadi mtu akarudi alivyokuwa. Tezi ya shingoni ikizembea, mtu huhisi baridi ya asubuhi ya Newala kuliko wenzake, hunenepa, husinzia, na husahau. Upungufu wa vitamini B12 unafanya hivyo pia, na wazee wanaokula ugali wa muhogo na mboga bila samaki, nyama wala mayai kwa miezi wako hatarini. Kaswende ya zamani ambayo haikutibiwa inaweza kufika kwenye ubongo. Virusi vya UKIMWI navyo vinashambulia ubongo, na tafadhali usiseme mama ni mzee mno kwa kipimo hicho. Wazee hawaulizwi, ndiyo maana wanachelewa. Kuna damu inayovilia chini ya fuvu baada ya mzee kuanguka. Inaweza kuwa alianguka akiokota korosho, akajigonga kidogo, akainuka na kuendelea na kazi, na wiki kadhaa baadaye akaanza kuchanganyikiwa. Hiyo huonekana kwa picha ya CT-Scan, na mara nyingi hutolewa kwa upasuaji.

Dawa nazo. Piritoni anayomeza kwa ajili ya mafua na kuwashwa, amitriptilini ya maumivu ya miguu, diazepamu ya usingizi: kwa kijana ni usingizi kidogo tu, kwa mtu wa miaka 73 zinaweza kumvuruga kumbukumbu kabisa, hasa akizimeza kila siku kwa mazoea. Siku ya kwenda hospitali beba kila dawa iliyoko nyumbani, ya hospitali, ya duka na ya miti shamba, uiweke yote mezani mbele ya daktari. Usichague.

Na huzuni. Mama amefiwa na mama yake na kaka yake, na kwa namna unavyoandika naona hata baba hayupo tena, ingawa hukusema. Sonona kwa wazee haionekani kama kilio. Mtu anakuwa mzito, hajali chakula, anajibu "sijui" kwa kila swali, hata lile analolijua. Inatibika. Masikio na macho pia yachunguzwe; asiyesikia swali huuliza tena na tena, na mwenye mtoto wa jicho anaweza kupotea njia jua likianza kuzama. Kwamba mama alipotea kwenye njia aliyoizoea ni dalili nzito, sitaki kukupa moyo wa uongo, huenda kweli ni Alzheimer. Lakini nataka tulijue hilo baada ya kuyaondoa haya mengine.

Anzeni hospitali ya wilaya hapo hapo Newala, au Ndanda kama ndiko mlikozoea. Vipimo vya kuanzia si vya ajabu: presha, sukari, wingi wa damu, figo, VVU, kaswende, na pale inapowezekana tezi na B12. Ikihitajika picha ya ubongo mtapewa rufaa kuja Mtwara mjini, Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Mama ana zaidi ya miaka 60, kwa hiyo ulizia dirisha la wazee, na kama uwezo ni mdogo muone afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa matibabu kabla ya kuuza chochote. Nenda wewe mwenyewe naye, au mtu anayelala nyumba moja naye. Mgonjwa wa kusahau akienda peke yake atamwambia daktari kwamba yuko salama, na atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyoona yeye. Andika kwenye daftari: kilianza lini, ghafla au polepole, kinazidi jioni au asubuhi, amewahi kuanguka, amewahi kuona vitu visivyokuwepo.

Ikiwa mama ana homa, au anachanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dharura. Malaria, UTI au nimonia humvuruga mzee namna hiyo, na haisubiri miadi.

Kuhusu wewe. Kitu ambacho karibu kila familia hurithishana bila kukipima ni presha. Katika wilaya ile ile ya Hai, takriban asilimia 70 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na presha ya juu, na wengi hawakujua. Presha ya miaka arobaini na hamsini, umri wako huu, ndiyo inayoharibu mishipa ya ubongo kimyakimya hadi matokeo yakaonekana sabini. Wewe una miaka 44, mjomba alipooza, na hukuniandikia presha yako ni ngapi. Pima wiki hii, hata zahanati. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine, na ikibaki hapo anza tiba na usiiache kwa sababu kichwa hakiumi. Pima na sukari.

Tume ya jarida la Lancet, mwaka 2024, ilitaja mambo 14 ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya demensia duniani, na ambayo kwa kiasi fulani yanazuilika au kupunguzwa: presha, kisukari, lehemu mbaya, sigara, pombe kupita kiasi, unene, kukaa bila kazi ya mwili, sonona, upweke, majeraha ya kichwa, hewa chafu, kutosikia, kutoona, na kukosa elimu utotoni. Hilo la mwisho wewe mwalimu unaliona kila msimu, mtoto wa kike anapotoka darasani na asirudi. Na majeraha ya kichwa kwetu ni bodaboda bila kofia ngumu. Haya si mambo ya wasio na jeni tu. Uingereza walifuatilia zaidi ya watu 196,000 wenye miaka 60 na zaidi, na mwaka 2019 wakaeleza kuwa kati ya wale wenye jeni za hatari kubwa, waliokuwa hawavuti sigara, wanaotembea, wanaokula vizuri na kunywa kidogo walipata demensia pungufu kwa asilimia 32 kuliko wenye jeni kama zao walioishi kinyume. Namba hizo pia ni za watu wenye asili ya Ulaya, nazichukua kwa tahadhari ile ile niliyokupa juu, lakini mwelekeo wake naukubali.

Mabinti wasipimwe chochote cha jeni. Wao ni watoto, hakuna dawa ambayo wataipata leo kwa kujua, na kujua hakufutiki. Kwa ugonjwa wa uzeeni, uamuzi wa namna hiyo ni wa mtu mzima mwenyewe, baada ya kukaa na mtaalamu anayeweza kumweleza maana ya majibu. Ambacho ningependa wakipate ni maelezo ya kweli kutoka kwako, kwamba bibi yao ni mgonjwa, kwamba hajalogwa na wala hamlogi mtu, na kwamba swali lake la mara ya nne lijibiwe kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Maneno ya "kitu cha ukoo" yakiachwa yazunguke, siku moja yatafika kwa wakwe zao. Ukiwa na jina la ugonjwa na karatasi ya hospitali mkononi, utakuwa na la kujibu.

Niandikie tena ukishapata mambo manne: umri wa bibi alipoanza na alipokufa, umri wa mjomba na kipi kilitangulia, majibu ya vipimo vya mama, na presha yako. Kama itabainika kwamba mjomba alianza kusahau kabla ya miaka 60 na kupooza kulikuja miaka mingi baadaye, au kwamba yupo ndugu mwingine aliyeugua mapema hivyo, basi niliyosema kuhusu jeni adimu sitayashikilia, na nitakuelekeza Muhimbili kwa wataalamu wa ubongo wamchunguze mama kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote wa familia.